Sufuria ya Gerezani

Rangi hii haina jina la nyumbani.
Kwenye chupa pana namba na tarehe tu;
sisi wa chumba cha giza tunaiita Binti,
kwa sababu ni mchaguzi, haketi na kila mgeni.
Chumvi akipita, hamtazami.
Chokaa akipita, hamtazami.
Risasi akigusa upindo wa kanga yake
anazima taa, ananyamaza.

Sisemi risasi ya bunduki. Hii haina mlio.

Dirisha tumelibandika karatasi nyeusi,
feni inakoroma, nje Ubungo inapiga honi.
Pazi analeta sampuli na pikipiki yake:
maji ya kisima cha Tandika,
maji ya dumu la njano lililokaa siku tatu Vingunguti,
mchicha wa bondeni Kigogo, fungu la mia tano,
bado una tope shingoni.
Nasaga. Nachuja. Natonesha.
Nawasha taa ya urujuanimno
na vitone vinaitika kijani
kama vimulimuli wa kwetu Mzenga baada ya mvua.

Siku ile nilikuja na sampuli zangu,
sikuziandika daftarini.
Shomvi, mjukuu wa shangazi, ana miaka minne,
na maneno aliyokuwa nayo mwaka jana yamepungua.
Tumbo linamsokota. Anahesabu vidole, anaishia cha tatu.
Zahanati wakasema minyoo.
Jirani wakasema jicho la mtu.
Shangazi akasema, "Wewe si unapima maji? Pima."

Maji ya mtungi: kijani.
Mchicha mbichi: kijani.
Sembe, chumvi, nazi,
hata ile manjano ya kwenye karatasi
niliyokwisha kuihukumu toka nyumbani:
kijani.
Kikabaki kijiko kimoja cha mchuzi wa ukwaju
uliolala jikoni usiku kucha.

Nikatonesha. Taa ikawaka.
Binti hakuitika.

Nikarudia mara tano. Nikaosha vyombo kwa asidi,
nikabadilisha chupa, nikayalaumu macho yangu.
Giza, mara tano.

Sasa ukiondoa maji, ukiondoa mboga,
ukiondoa mkono wa mpishi,
kinabaki nini kama si chombo?

Namba ishirini na nne, masikio mawili, tako zito.
Niliinunua mimi, Gerezani, kwa mshahara wa kwanza,
nikabishana na fundi mpaka akashusha elfu mbili.
Nyuma yake lundo lilikuwa linangoja moto:
bloku za injini, rejeta, vichwa vya betri,
kitasa, kijiko, mguu wa kiti.
Nikaisifu inavyong'aa.
Fundi hakunidanganya; alisubu alichopewa na jiji,
na ukwaju, kwa uchachu wake, usiku,
ukamtongoza risasi akatoka ukutani.

Nikafika Mtoni jua linazama.
Shangazi alikuwa ameipaka mchanga, anaisugua na steelwaya,
kila siku anaisugua, mpaka uso wake unaonekana ndani.
Yeye anaitwa Sikujua.
Waliompa jina walikuwa na sababu yao, sikuwahi kuuliza.
Nikafungua kinywa: "Shangazi Sikujua,"
na jina likatoka kama utetezi wangu.

Hakulia. Aliuliza kama chungu cha udongo nacho kina ugomvi.
Nikasema nitakipima.
Akaleta msumari wa nchi tano na jiwe la kusagia,
akaitoboa sufuria matundu saba,
"mwingine asije akaiokota akapikia wanawe."

Muda huohuo mnunuzi wa chuma chakavu akapita na toroli,
anaita, anaita,
kilo kwa bei ya leo.
Tulikaa kimya sote watatu.
Shomvi akaweka kidole kwenye tundu la kwanza,
la pili, la tatu,
akanitazama.